Aliyelia Nyumba Ilipobomolewa

Siku moja haijanitoka, mwanangu, ingawa siku hizi hata miwani naitafuta huku nimeivaa: siku Bibi yangu alipozima redio ya baba katikati ya taarifa ya habari. Kwenu nyinyi wa sasa hilo si neno, mnawasha na kuzima mnavyotaka. Lakini kwetu, kijijini karibu na Kolandoto, redio ile ya mbao ilikuwa na heshima ya mgeni wa kiume, na hakuna mwanamke aliyeigusa. Bibi akaigusa. Maneno aliyoyasema baada ya hapo ndiyo yaliyonifanya nikuite leo ukae hapa.

Maana nimesikia. Usinitazame hivyo, nimesikia. Wewe na kaka yako mmetoleana maneno kwenye simu, mbele ya kundi zima la ukoo, eti kiongozi huyu aliijenga nchi na yule aliibomoa, mpaka mmoja akamwambia mwenzake asikanyage tena kwake. Nikasema, jamani, maradhi haya nayajua, yalishapita nyumba hii. Basi weka hiyo simu, nikueleze tangu mwanzo.

Baba yangu, Mzee Luhende, alikuwa mkulima wa pamba na manju, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo za ngoma. Sisi Wasukuma, kama hukufundishwa, ngoma zetu ni mashindano. Baada ya mavuno makundi mawili, Wagika na Wagalu, hucheza siku moja kwenye uwanja mmoja, kila kundi upande wake, na hakimu ni watu wenyewe: upande watakaoukimbilia ndio ulioshinda. Kwa hiyo manju ni lazima awe na ulimi. Atamtania manju wa pili kwa kipara chake, kwa mke wake mkali, kwa ng'ombe wake waliokonda, na mwenzake atamjibu, na hakuna ruhusa ya kununa. Baba aliongoza Wagika, na ulimi wake ulijulikana mpaka Kahama.

Mama alifariki mimi ningali mdogo. Aliyetulea ni Bibi, mama yake baba. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa wanne tu: baba, Bibi, mimi, na kaka yangu Shija, aliyenizidi umri kwa mbali.

Kila jioni baba na Shija walikaa shikome. Shikome ni pale kwenye moto wa uani, wanaume wanapokula na wazee wanapoonya vijana. Kazi yangu mimi ilikuwa kuwanawisha mikono, kuweka ugali na kurudi jikoni, lakini masikio hayana mlango, na mimi miguu yangu ilikuwa mizito kuondoka. Shikome ina sheria yake. Mtu anaweza kukemewa pale mpaka akalia, lakini neno lililosemwa pale linabaki pale, linafukiwa na majivu. Hata mlevi wa kijiji aliijua sheria hiyo.

Na kitoweo chao pale, mwanangu, kilikuwa siasa. Ilikuwa miaka ile ya tisini, mageuzi yamepamba moto. Ujamaa ulikuwa umezikwa bila matanga, rais wa pili yuko ukingoni mwa muda wake, vyama vimekuwa vingi, na kila mwenye kigoda cha kukalia amekuwa hakimu wa watawala. Baba alimtetea wa kwanza. Alisema yule ndiye aliyemkuta mama yake, yaani Bibi, hajui hata kushika chaki, akamfundisha kusoma na watu wazima wenzake. Zahanati waliijenga kwa mikono yao. Hakuna aliyemwinulia mwenzake mabega, kwa sababu wote walikuwa na shati moja. Shija akicheka anasema, ndiyo baba, shati moja, na sabuni ya kulifulia haikuwepo. Yeye alikuwa mtu wa rais wa pili. Huyo alisema watu wafanye biashara, na maduka ya mjini Shinyanga yakajaa. Hata Mzee Hirji, Mhindi aliyekuwa akituuzia chumvi kwa foleni, sasa alisimama mlangoni kuita wateja. Tena ni chini ya huyo wa pili wazazi wetu walirudi polepole kwenye mahame yao, yale waliyohamishwa wakati wa ujamaa, wakafufua ngitili, yaani lile eneo la nyasi tunalolifunga mifugo isiingie mpaka kiangazi kikali.

"Baba," Shija alikuwa akimwambia, "unakaa kwenye hame ulilorudishiwa na mmoja, unamsifu aliyekufukuza."

Baba naye anamrudishia kwamba huyo huyo wa pili ndiye aliyeleta michango ya shule na malipo ya dawa, na kila mwenye kiti serikalini akaanza kunyoosha mkono. Basi watabishana weee, mpaka ugali uote ngozi. Mimi nikiwa jikoni nilikuwa nawacheka. Nilidhani ni mchezo, na kwa muda mrefu ulikuwa mchezo kweli.

Jioni moja Shija hakucheka. Baba alikuwa amesema kwamba vijana wa ruksa, hawa wa rais wa pili, hawaipendi nchi, wanapenda matumbo yao. Kaka akasema kwa sauti ya chini, nami nilikuwa nimeshika bakuli la maji ya kunawa, nikayasikia yote. Alisema yeye haongei habari ya matumbo. Alisema siku ya kuhamishwa kwenda kijiji cha ujamaa alikuwa mtoto mdogo, amesimama juu ya mizigo, na aliwaona wanamgambo wakiezua paa la nyumba yetu na kuangusha ukuta. Akamwona baba amegeuka upande wa zizi, analia. Tangu siku hiyo, akasema, hawezi kumpenda kiongozi aliyemliza baba yake, hata kama alifundisha dunia nzima kusoma.

Umesikia hilo, mwanangu? Hayo hayakuwa matusi. Yalikuwa mapenzi, ila yamevaa nguo za ubishi. Baba alinyanyuka akaenda kuangalia ng'ombe ambao walikuwa hawana shida yoyote.

Mavuno yakapita, siku ya ngoma ikafika. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi ule wa kwanza wa vyama vingi, na watu walimiminika kutoka kila upande. Wagalu walikuja na manju mpya, kijana, mwenye sauti ya kumtoa nyoka pangoni, na tangu asubuhi watu walikuwa kwake. Nilimwona baba anavyotazama nyuma, upande wake umebaki na wake za wachezaji na mbuzi. Shija alikuwa mle kwenye safu ya Wagika, anacheza nyuma ya baba yake. Ndipo baba akanyanyua mkono, ngoma zikatulia, akatoa wimbo ambao hatukuwahi kuusikia. Ulikuwa wa Kisukuma, lakini maneno yake ni haya:

Wa kwanza alitupa chaki,
wa pili akatupa sukari,
chaki imebaki ubaoni, sukari imekwisha mdomoni.
Ninaye kijana wa sukari nyumbani mwangu,
nyumba ya tope ilipobomolewa, alilia yeye,
leo anatamani ya dhahabu!

Eh, watu walicheka! Walicheka wakishika mbavu, wakatoka kwa Wagalu mbio, vumbi likapanda, na baba akaurudia wimbo mara kwa mara huku anazunguka na kumwonyesha Shija kwa kirungu chake. Wagika wakashinda. Watu walimbeba baba mabegani. Shija alivua njuga zake taratibu, akaziweka chini, akaondoka uwanjani bila kumtazama mtu.

Unaona baba alichokifanya? Alilichukua neno la shikome akalipeleka uwanjani. Na hakulipeleka lilivyo. Machozi yalikuwa yake, akamvika mwanawe. Kumtania manju mwenzako ni ngoma, lakini kumtania mtoto wako kwa siri aliyokupa mkila sahani moja, hilo halina jina. Ulimi hauna mfupa, walisema wahenga, na wa baba siku ile ulipinda vibaya.

Asubuhi yake Shija alituaga Bibi na mimi. Akaenda Geita kwenye dhahabu, akawa mtu wa machimboni. Baba alikuwa ameketi pale pale uani, wakapishana kama watu wasiojuana.

Sasa sikiliza yaliyofuata, maana hapa ndipo mnapofanana nao. Rais wa tatu akaingia. Huyu alikuja na mambo ya kubana mkanda, kukusanya kodi, kulipa madeni ya nchi na kutengeneza barabara. Pia alikuja na kuuza. Vilivyokuwa vya umma vikapata wenyewe, vinu vya pamba vikanunuliwa, wageni wakakaribishwa kwenye madini. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tuliambiwa. Baba, ambaye maisha yake yote aliuza pamba kwenye chama cha ushirika, akajikuta anabembelezana na wanunuzi wenye mizani yao, kila mmoja na bei yake. Na unajua alianza kusema nini? Alianza kumsifu wa pili! Ati yule alikuwa na huruma, ati yule alituacha tupumue. Kila jioni aliwasha redio, akisikia la rais wa tatu anasonya, anamtaja wa pili kwa huzuni. Na mimi, kwa kuwa alikuwa hana tena mtu wa kubishana naye, nilikuwa namwitikia kila neno ili asijione mpweke.

Ila kuna jambo moja nililiona na sikulisema. Sahani ya ugali ilipokuwa inarudi jikoni, upande mmoja ulikuwa haujaguswa. Kila jioni ni upande ule ule, alipokuwa anakaa Shija.

Ndipo siku ile Bibi akatoka jikoni na fimbo yake, akaenda mpaka shikome, mahali ambapo wanawake hawaendi kukaa, akazima redio. Bibi akakaa juu ya kigoda cha Shija.

"Luhende," akasema, "mimi nimetawaliwa na mtemi, nimetawaliwa na Mzungu, nimetawaliwa na hawa watatu wako. Kila mmoja alinipa kitu na kila mmoja aliniondolea kitu. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza mjukuu wangu yuko wapi. Hiyo ilikuwa kazi yako. Unamwachia mtoto ugali, unamnyima neno."

Kisha akanigeukia mimi, nami nikatamani ardhi inifiche. Akasema nimegeuka kiitikio cha wimbo mbovu, na kesho nipande gari nikamtafute kaka yangu. Asubuhi nilikuta baba ameniwekea nauli chini ya jamvi langu.

Nilikwenda kwa basi mpaka Kahama, nikaunga lori kupitia Masumbwe, nimekaa juu ya magunia ya karanga na kuku wa mtu. Geita mjini nikaulizia kwa watu wa machimboni waliopanga vyumba mtaa wa Kalangalala, nikielekezwa huku na kule, hadi nikamkuta kilimani huko nje ya mji. Alikuwa amekaa chini anaponda mawe kwa nyundo, amekonda, vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Aliponiona alisimama, akanishika kichwa kwa mikono miwili kama nilipokuwa mtoto. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia.

Aliuliza habari za Bibi. Akamuulizia ng'ombe mmoja mmoja kwa jina. Akauliza kama ngitili imefungwa vizuri na nyasi zimefika wapi. Aliuliza kila kitu cha nyumbani isipokuwa mtu mmoja, na mimi nikaelewa kwamba huyo ndiye anayemuuliza.

Duara lake, lile shimo alilochimba na wenzake tangu alipofika, lilikuwa limezungushiwa waya. Walikuwa wameambiwa waondoke, eneo lina mwenyewe sasa, kampuni ya wageni. Akasema, dada, angekuwepo yule wa kwanza wa baba haya yasingetokea, yule hakuwa mtu wa kuuza nchi. Mwanangu, mimi nilicheka na machozi yakanitoka papo hapo. Nikamwambia, kaka, na baba huko nyumbani anamlilia yule wa pili wa kwako. Mmebadilishana viongozi, na bado hamsemezani!

Pale ndipo nilipojifunza, wala si shuleni. Mtu anayetawala tunamwona chongo, akiondoka tunaanza kuyasifu macho yake. Tunapomlilia kiongozi aliyepita, mara nyingi si yeye tunayemlilia. Tunalilia umri tuliokuwa nao, na watu tuliokuwa tunakula nao.

Nikamsihi arudi. Akanijibu jambo moja tu, akilitamka polepole.

"Mwambie baba, hakunitukania shikome. Alinitukania uwanjani. Basi akaseme ukweli pale pale uwanjani, nami nitarudi."

Nililifikisha neno hilo kwa baba kama lilivyo. Aliniangalia, akaangalia moto, akauliza kama Shija amekonda. Nikasema amekonda.

Msimu wa ngoma ukarudi. Wagika walimtegemea baba, na watu walikuja kwa ajili ya ulimi wake, wamejaa upande wetu tangu ngoma ya kwanza. Baba akanyanyua mkono. Nilikuwa nimesimama karibu na ngoma kubwa. Akaimba hivi:

Wa kwanza alimfundisha mama yangu kusoma, akanibomolea nyumba.
Wa pili alinirudisha nyumbani, akaacha mlango wazi, mwanangu akatoka.
Wa tatu simjui bado, nasikia anatengeneza barabara;
basi mwanangu na apite humo arudi.
Nyumba ilipobomolewa, Shija hakulia.
Aliyelia ni mimi.

Watu walingoja utani. Walidhani mwisho wake utakuja na kichekesho. Baba akaurudia wimbo, na ulikuwa vile vile. Mmoja akaguna, mwingine akasema mzee amechoka, na kidogo kidogo wakaanza kuondoka kwenda kwa Wagalu, mpaka mahali pale pakawa peupe. Wachezaji wake mwenyewe waliacha kucheza. Baba alishindwa siku ile jinsi ambavyo manju hajawahi kushindwa, na hakupewa tena kuongoza.

Nilituma salamu Geita kwa kila dereva niliyemjua. Jibu lililorudi ni kwamba wachimbaji wa kilima kile wametawanyika, dhahabu imesikika kwingine, na Shija ameifuata. Kwingine wapi, hakuna aliyejua. Baba akaanza kukaa ameelekea barabarani. Redio hakuwasha tena. Ugali aliukata na kuuacha upande ule, na siku hizo sikuuondoa haraka. Kifua kilimwanza na mvua za masika, na kabla pamba haijapasuka tukamzika.

Ng'ombe akivunjika guu malishoni hujikokota zizini. Shija alirudi kiangazi cha mwaka uliofuata, mchana, kwa basi, amebeba mfuko mmoja. Kule Masumbwe mchuuzi wa ng'ombe alikuwa amemsimulia habari za manju wa Wagika aliyejivua nguo kwa wimbo wake mwenyewe uwanjani mbele za watu, ila maneno ya wimbo hakuyajua, wala hakujua kwamba mwenyewe amekufa. Aliingia uani akitazama moja kwa moja shikome. Majivu yalikuwa baridi. Sikuwa na haja ya kumwambia.

Alikaa kwenye kigoda chake. Bibi, ambaye alikuwa haoni vizuri tena, akaniambia niende. Nikaenda, mwanamke mimi, nikakaa shikome mbele ya kaka yangu, nikamwimbia wimbo wa baba kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Aliinamisha kichwa mpaka nilipomaliza.

"Alishinda?" akauliza.

"Alishindwa. Walimkimbia wote."

"Yeye akafanyaje?"

"Aliendelea kuimba."

Hapo ndipo Shija alipolia, na mimi sikumzuia.

Mwanangu, sikuambii usiwapime viongozi. Wapime! Nchi isiyopima viongozi wake hupimwa na wengine. Lakini anayepima atumie pishi moja kwa wote: ukitaja alichonyang'anya, taja na alichotoa, kwa mdomo huo huo, hata kama kinakuchoma. Wa kwanza, wa pili, wa tatu na waliofuata, wote walipita hapa kwetu, wakajenga kidogo na kubomoa kidogo, wakaenda zao. Bishaneni juu yao mpaka ugali upoe. Ila neno la shikome libaki shikome. Usilichukue jeraha la ndugu yako ukalifanya kichekesho cha uwanjani, na uwanja wenu siku hizi ndiyo hiyo simu. Na ukikosea mbele za watu, tengeneza mbele za watu, tena mapema, maana baba yangu alichelewa kwa msimu mmoja tu.

Watu huniuliza ninaukumbuka utawala gani. Mimi, mwanangu, ningetoa ng'ombe wangu wote nirudi jikoni jioni moja, nimeshika bakuli la maji, nisikie wale wawili wanabishana.

Haya, inama nikutemee mate ya baraka. Njia yako iwe nyeupe. Ukate ugali, na mikono ya ndugu zako iwe imejaa sahanini. Mungu akupe ulimi wa kusema kweli, na siku watakapokukimbia kwa sababu hiyo, akupe pumzi ya kuendelea kuimba. Sasa chukua simu yako, umpigie kaka yako. Mimi naenda kuweka maji ya ugali jikoni, mwambie nampikia na yeye.